Mama Viti na jina alilolituma kwa simu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Buzuruga. Stendi imeshaanza kelele zake, lakini nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi kuna mwanamke ameinama juu ya beseni, anasugua kiti cha plastiki kwa brashi ya kufulia. Anakisuuza, anakigeuza miguu juu, anachukua kingine. Viti themanini vimerudi jana kutoka msibani, na saa nne vinatakiwa kwenye msiba mwingine.

“Msibani viti havivunjiki,” anasema bila kuinua kichwa. “Vinachafuka tu. Vinavunjika harusini, maana kule watu wanakaa huku wanacheza.”

Huyu ni Sabina Mhoja, mwenye miaka 46. Ila ukiuliza kwa jina hilo hapa stendi utazungushwa mpaka jua lizame. Uliza Mama Viti. Ana viti mia moja themanini, maturubai mawili na masufuria sita ya kupikia pilau la watu mia. Kiti anakodisha Sh300 kwa siku, turubai Sh40,000. Mwezi ukiwa mzuri, akishalipa pango la stoo na mafuta ya guta la mizigo la magurudumu matatu analoendesha mumewe, Mashimba, anabakiwa na kama Sh350,000.

“Mwezi ambao watu hawafi wala hawaoani, tunakula viti,” anasema, na anacheka peke yake.

Ana kawaida moja inayowashangaza wateja. Harusini anapeleka idadi uliyolipia, hazidishi wala hapunguzi. Msibani anaongeza viti kumi vya bure. Harusi ina kadi, anasema, lakini msiba hauna kadi, hujui nani atakuja.

Mwandishi aliiandika sentensi hiyo akaipigia mstari. Alidhani ameshapata alichokifuata: mama mchapakazi, moyo mzuri, picha moja mbele ya guta, basi. Akaanza kufunga daftari.

“Subiri kwanza,” Sabina akasema. “Hujaniuliza msibani kwangu walikuja wangapi.”

Hakuja mtu hata mmoja.

Ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita, katika kijiji kimoja nje ya Usagara, wilayani Misungwi. Kijiji kilikuwa na ulinzi wake wa jadi, na sheria yake ilikuwa moja: yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka. Mchana mmoja ng’ombe waliibwa malishoni, yowe likapigwa, wanaume wakakimbia. Mashimba hakutoka. Mtoto wao Jonathan, wa miaka minne, alikuwa ameshikwa na degedege, na baba yake alikuwa amemlaza mapajani akimpepea.

Jioni wakaitwa kwenye baraza. Wakaeleza. Wakaambiwa faini ni ng’ombe mmoja. Hawakuwa naye, na hata wangekuwa naye, anasema Sabina, Mashimba asingemtoa. Basi wakatengwa.

Kutengwa, kwa msomaji asiyejua, ni hivi. Hakuna wa kukusalimia. Dukani huuziwi chumvi. Ukifika kisimani, wenzako wanatua ndoo na kusubiri uondoke. Anayekusemesha anatozwa faini kama yako. Mlango wa kurudi ni mmoja tu: ulipe, kisha mzee aliyetamka adhabu anywe funda la maji na kuyatema chini mbele ya watu, kuonyesha kwamba hasira zimetoka mwilini. Maji yakishatemwa, mnakula pamoja.

Mzee aliyetamka adhabu ile tutamwita Masele, ingawa si jina lake. Alikuwa jirani yao, nyumba ya pili. Kabla ya hapo alikuwa mshenga wa Mashimba. Ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa Sabina kumposa.

Siku ya tisa ya kutengwa, Jonathan akafa.

“Dukani walikataa kutuuzia sanda,” anasema Sabina. Sasa ameacha kusugua. “Nilimfunga kwa kitenge changu. Mashimba alichimba kaburi toka asubuhi mpaka saa tisa, peke yake. Mimi nilikuwa navuta udongo kwa karai. Aliyekuja msibani kwangu ni mbwa wa jirani. Alikuja akalala pale kivulini, tulipomaliza akaondoka.”

Mwandishi alimwomba arudie, akidhani amesikia vibaya. Akarudia, neno kwa neno.

“Na Masele alikuwepo. Alisimama kwenye uzio wake wa minyaa, anatuangalia. Hakuvua hata kofia.”

Wiki hiyo hiyo wakahamia mjini. Wakaanza na viti ishirini vya mkopo. Wakazaa watoto wengine wawili, na mkubwa, Queen, yuko kidato cha tatu. Mashimba akalifunga jambo lile na hataki liguswe. Sabina hakuweza. Kila alipopanga viti chini ya turubai la watu wengine, anasema, alikuwa anaviona vitupu. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: Masele amwambie pole. Neno moja, herufi nne.

Mwaka huu, kwaresima, akaamua amsamehe hata bila ya hiyo pole, maana presha ilikuwa inapanda na usingizi umekata. Akachukua simu ya Queen, akaandika kwenye mtandao: nisaidie kusamehe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wa kwanza kutokea alikuwa mwanamume aliyevaa koti jeupe, mwenye kipimo cha moyo shingoni. Tangazo lilisema anatibu mioyo yenye uchungu, popote ulipo, kwa simu. Sabina akatuma Sh30,000. Jamaa akapiga, sauti ya upole kabisa. Akauliza jina kamili la aliyemkosea. Akauliza jina la mama yake mzazi. Akauliza mlango wa nyumba yake unatazama wapi.

Usicheke. Mwandishi alimuuliza Sabina kama hapo hakushtuka.

“Nishtuke nini? Kliniki si wanauliza jina la mama? Nikajua anajaza faili. Hilo la mlango ndilo lilinigusa kidogo, lakini nikasema huenda ndiyo utaalamu wenyewe wa siku hizi. Nikamtajia. Unatazama ziwani.”

Mtu yule akamwambia kazi imekwisha, atulie, ndani ya siku ishirini na moja atasikia habari.

Siku ya kumi na tisa simu ikaita. Namba ngeni.

“Shikamoo, Mama Jona.”

Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemwita hivyo. Aliyepiga alikuwa Winnie, binti wa Masele, ambaye alikuwa msichana mdogo wakati ule. Alikuwa anawaarifu watu wote waliowahi kuwa majirani: baba ameanguka uani. Kiharusi. Upande wa kulia umepooza, mdomo umepinda, hasemi.

Mwandishi alimuuliza Sabina alihisi nini.

“Nilifurahi,” akasema. “Andika hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshika kiti, nikakisugua mpaka kikaisha, nafurahi. Nilipokiweka chini ndipo nikaelewa. Nikasema, Mungu wangu, nimeua mtu. Na ule mdomo niliokuwa nasubiri unipe pole, nimeufunga mwenyewe.”

Alimpigia yule wa koti jeupe amwambie arudishe alichofanya. Namba haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Miezi miwili iliyofuata Mama Viti hakuwa Mama Viti. Aliosha viti vilivyokwisha kuoshwa. Alipeleka maturubai ya msiba wa Ilemela kwenye sherehe ya kipaimara. Kanisani alikaa nyuma na hakupokea komunyo. Hakumwambia mtu, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Kwa Kanda ya Ziwa, mwanamke anayesema “nilituma jina lake, akaanguka” anaweza kuwa amejihukumu kifo kwa mdomo wake. Wanawake wamekatwa mapanga kwa kushukiwa tu, bila hata kukiri.

Aliyemwokoa ni mteja. Precious, muuguzi aliyekuja kukodi viti vya msiba wa shangazi yake, alimkuta analia ndani ya stoo. Hakumuuliza sababu. Alimwandikia namba ya mtu anayemfahamu, mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo, anayeongea na watu kwa simu ya video akiwa Bukoba. Anaitwa Adventina Rutashobya.

Sabina alikaa na namba ile wiki mbili. Kuumwa na nyoka si mchezo, hata ukiona kamba tu unashtuka. Alipopiga, alikuwa amejifungia stoo, kati ya marundo mawili ya viti, na swali lake la kwanza likawa hili:

“Na wewe unataka jina la mama yake?”

“La kazi gani?” akauliza Adventina.

Sabina akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na dakika arobaini zote zikaishia hapo. Adventina hakudai malipo ya siku ile. Kwa kawaida ni Sh20,000, unalipa baada ya mazungumzo.

Adventina alikubali kuongea na mwandishi baada ya Sabina kumtumia ruhusa kwa maandishi. “Nilishtuka, sitakuficha,” anasema. “Watu huja kwangu wakitaka nguvu ya kusamehe. Dada Sabina alikuja anaamini ameua. Nisingeweza kumwambia amsamehe mtu wakati yeye mwenyewe amejitenga kama walivyomtenga.”

Kazi ya kwanza aliyompa haikuwa sala wala mazoezi ya kupumua. Alimwambia ampigie Winnie, aulize baba alikuwa na presha tangu lini.

Winnie akajibu bila kufikiri: miaka minane. Vidonge aliviacha kabla ya Krismasi, akisema vinamchosha.

“Kichwa kikakubali,” anasema Sabina. “Ila moyo ukasema, sawa, hukumwangusha, lakini ulifurahi. Hilo Adventina hakuniondolea. Aliniambia siyo kosa lililomuumiza mzee, ni jeraha langu linalotoa usaha. Tukaongea hilo hilo wiki sita.”

Katika simu ile Winnie alisema na lingine. Mwanzoni watu walikuja kumjulia hali baba. Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanguke na hapiti mtu. Wanasema amelogwa, na wanaogopa kinachomla kisije kikawarukia. Mzee anatolewa nje asubuhi, anakaa kwenye mkeka chini ya ule uzio wa minyaa, anatazama njia.

Sabina aliposikia hivyo akaamua kwenda. Na alitaka kwenda kusema yote, pamoja na habari ya jina. Adventina alimkataza, kwa upole lakini bila kuficha: halazimiki kumwambia mzee, na mbele ya watu asithubutu. Mashimba alimkataza kwa maneno machache zaidi. “Mimi ningeacha yaishe.”

“Nimemsubiri mtu aniombe msamaha miaka kumi na sita,” Sabina alituambia Jumatano ile pale kwenye beseni. “Najua kunavyouma. Sasa mimi nimfiche?”

Alitoa sharti moja: makala haya yasitoke kabla ya Jumapili, siku aliyopanga kwenda. Mzee asije akasomewa gazetini kitu ambacho hajaambiwa usoni. Tukakubali, na kwa kweli tulikubali kwa hofu. Kijiji hatukitaji, na jina la binti nalo tumelibadilisha.

Jumatatu asubuhi akapiga.

Walikwenda kwa guta, na Mashimba ndiye aliyeendesha, huyo huyo aliyesema yaachwe. Alisimamisha barabarani, akashusha viti viwili, akasema atasubiri pale pale. Sabina akavibeba mwenyewe. Kimoja chenye mikono akamkalisha mzee, wakisaidiana na Winnie. Kingine akakaa yeye.

“Nikamwamkia, shikamoo baba. Marahaba haikutoka. Nikamwambia mimi ni Mama Jona. Macho yakajaa. Basi nikasema, nikiwa na Winnie tu pale. Nikamweleza Jonathan, na mbwa, na kofia yake. Halafu nikamweleza nilivyotuma jina lake na jina la mama yake. Na nilivyofurahi. Nikamwambia, nisamehe.”

Winnie, anasema, ndiye aliyeanza kulia. “Mama Jona, mimi ndiye nilikuwa naviona vidonge vinabaki kwenye kopo. Sikusema kitu.”

Mzee hakulia. Aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha mtungi. Wakadhani ana kiu. Winnie akamletea kikombe, akamshikia. Mzee akajaza maji mdomoni, lakini hakumeza. Akamsukuma binti yake pembeni. Akainama mbele, anatetemeka, akakusanya midomo ili ateme.

Mdomo uliopinda haushiki maji. Yalimtoka upande wa kulia, yakateremka kidevuni, yakalowanisha shati. Akataka kikombe tena. Yakamwagika tena. Mara ya tatu, anasema Sabina, tone moja au mawili yalifika chini, kwenye vumbi, kati ya viti viwili.

“Nilimfuta kwa kitenge,” akasema Sabina. “Pole sikuisikia na sitaisikia. Ila maji nimeyaona. Nikamwita Mashimba kule barabarani, akaja. Akavua kofia.”

Jumapili ijayo anarudi. Queen atakwenda naye, akaone alipolazwa kaka yake. Alhamisi ana mazungumzo na Adventina, na anategemea kugombezwa kidogo.

Kabla ya kukata simu akakumbuka jambo.

“Ile hesabu ya viti niliyokupa, irekebishe. Viko mia moja sabini na nane. Kimoja nimemwachia mzee. Na cha pili nimekiacha pale pale pembeni yake, hujui nani atakuja.”