Jicho Lililohama Kabla ya Wakati

"Kwa mkono huu hajawahi kufa samaki," Muthoka asema, akiuinua mkono wenyewe ili nisije nikaandika mwingine.

Ni saa moja asubuhi, katika kituo cha kufugia samaki cha Kyumbi. Anakoroga chumvi ndani ya maji ya kisima, safari ya kutwa kutoka baharini. Mlangoni kuna jenereta mpya, ingali imevaa nailoni. Nyuma ya Muthoka, Kalondu, mwosha matangi, anasugua beseni.

Matangi yenyewe ni matupu.

"Basi, mara moja tu," Muthoka aongeza. "Elfu tatu."

Hao walikuwa gayogayo, samaki bapa wa baharini. Huanguliwa kama samaki mwingine yeyote, jicho huku na jicho kule. Wiki chache baadaye homoni ya tezi ya shingoni hupanda, na jicho moja hufunga safari: huvuka kichwa likaishi jirani na mwenzake. Ndipo samaki hulala ubavu mchangani.

Muthoka, miaka ishirini na sita, alikuwa akiuza maembe Matuu kabla Daktari Mutheu, mwenye kituo, hajamwajiri kwa shilingi mia sita kwa siku.

Mwezi uliopita daktari alisafiri siku tano, akamwachia chupa ya homoni: matone matatu kila asubuhi, kuwasaidia waliochelewa. Muthoka akatia kumi na mawili.

"Embe bichi nikilifungia na dawa, siku tatu liko njano," aeleza. "Nikasema samaki naye ataiva. Nilitaka daktari akirudi apate wote wamelala chini, anisifu."

Walilala, kweli. Macho yalihama mbio, lakini miili ilibaki punje za mchele, midomo imepinda, haiwezi kula. Siku ya nne aliwachota wakiwa wamekufa, kwa chujio la chai.

"Embe likikuwa chachu ndani, bado kuna mtu atanunua," asema, sauti imeshuka. "Hawa walikuwa wananiangalia, macho yote mawili upande mmoja. Sijawahi kujuta hivyo. Chai yenyewe siku hizi nakunywa na majani yake."

Jumamosi mayai mapya yanafika kutoka Pwani. Muthoka ameahidi kuhesabu matone kwa sauti. Ndoto yake ni kuwaona wakilala kwa wakati wao, hata mia moja tu.

Na ilikuwaje asifutwe kazi? namuuliza.

"Nilimwambia daktari ukweli siku ile ile. Hiyo ndiyo iliniokoa."

Beseni la Kalondu lanyamaza.

"Siku gani hiyo, Muthoka? Si nilikuwa hapa? Ulimwambia stima ilipotea, hewa ikakatika kwa tangi."

"Kalondu, wacha mgeni aandike."

"Aandike. Daktari ameuza ng'ombe wawili apate hii jenereta. Ya nini, kama ulimwambia ni matone?"

Muthoka anaendelea kukoroga. Chumvi ilishayeyuka kitambo.