Siku Kumi na Nne za Fundi

Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba cha nguo cha hospitali. Shuka likichakaa katikati, alilipasua kwa urefu, akazigeuza pindo za pembeni zikaja katikati, akaziunga. Mgonjwa akililalia hajui. Mimi ni stoakipa wa hospitali hiyohiyo, nilimpelekea uzi miaka yote, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Lawama nyingine ni zangu pia, nisijifanye mtakatifu.

Mwaka huo kaka yake, aliyekuwa akikaa na mama yao, alipata kazi mbali. Ndugu wakakaa kikao, Fundi hawakumwita. Aliletewa uamuzi tu: mama, ambaye kumbukumbu zimemtoka na hawezi kuachwa peke yake hata dakika kumi, atahamia kwake, na yeye aache kazi. "Wewe huna mume wala watoto wa kukusumbua," walimwambia. "Na sisi tupo." Ndugu wakikwambia wapo, ujue umebaki peke yako.

Mama angeletwa tarehe kumi na tisa. Likizo ya Fundi, ya mwisho, ilikuwa ya tarehe tano hadi kumi na nane. Wiki mbili kabla ya likizo akatuita sisi rafiki zake watatu, Mkunga, Mwalimu na mimi, akatueleza yote mara moja kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. Alitaka twende ziwani siku nne tu za likizo hiyo, kabla mama hajaletwa. Hakuwahi kuliona ziwa ila kwenye kalenda.

"Wewe panga tu," tukamjibu, "sisi tupo."

Akapanga. Akatafuta nyumba ya wageni, akauliza mabasi. Sisi tukashughulika na mambo makubwa: Mwalimu alitaka tuvae sare, na siku sita nzima tulibishana kama iwe ya bluu au ya zambarau. Fundi akatupima viuno, akashona. Tarehe sita Mkunga akasema mwenzake wa zamu anaumwa. Mwalimu akakumbuka mitihani ya kusahihisha. Mimi nilikuwa na posa ya mtoto wa dada yangu, ambayo, kusema kweli, ingekwenda vizuri tu bila mimi.

"Tusogeze kidogo," akasema Mwalimu. "Haraka haraka haina baraka."

"Ikisogea, mimi siendi," akasema Fundi.

Alikuwa amepiga magoti akipima upindo wa gauni langu, pini zimejaa mdomoni, na maneno yakatoka yamebanwa. Tukacheka. Hata leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu.

Wengi wape. Tulikuwa watatu dhidi ya mmoja, tukachagua tarehe ishirini na tano. Kuhusu mama, Mkunga alisema atatafutwa mtu wa kukaa naye, siku nne si kitu. Fundi hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha, na sisi tulijua hivyo, ndiyo maana tulimfanyia vile.

Likizo yake aliimalizia nyumbani, akifunga kitasa kipya mlangoni na kuondoa visu jikoni.

Tarehe ishirini na mbili tukaenda kwake na ratiba yetu imeandikwa vizuri kwenye karatasi. Mama yake alikuwa kwenye kiti, kimama kidogo, ameshika mkono wa gauni la Fundi. Fundi alipokwenda kuchemsha maji, mama akainuka, akaenda mlangoni, akavuta kitasa huku akiuliza mama yake yuko wapi. Mkunga akajaribu kumrudisha. Mama akalia kwa hofu, akampiga kifuani, mpaka Fundi alipokuja mbio na kumshika. Mkunga, ambaye amezoea wanawake wanaopiga kelele, akakunja ile karatasi akaitia mkobani.

"Tutaahirisha," akasema.

"Nendeni," akasema Fundi. "Nyumba ya wageni haitawasubiri."

Mama alikuwa ametulia. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hawa ni nani, mwanangu?"

"Rafiki zangu, mama. Wanakwenda ziwani."

"Na wewe?"

Nilitamani nisiwepo. Fundi akamfuta mama yake machozi kwa kiganja.

"Mimi nimesharudi, mama."

"Ee? Kulikuwaje?"

"Kuzuri. Maji mengi, huoni mwisho wake. Asubuhi tulikaa ukingoni tumeloweka miguu." Aliyasema taratibu, bila kutuangalia. "Mwalimu alikoroma usiku kucha, nikahamia chumba cha Mkunga."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Na huyu je?" mama akauliza, akininyooshea kidole.

"Huyu aliyaogopa maji. Tulimvuta mkono, hakukubali kuingia."

Mama akacheka, meno mawili yakaonekana, akanigeukia. "Ni kweli uliogopa?"

"Ni kweli, mama," nikasema. "Niliogopa sana."