Maharage Yaliyokwenda Mbeya Kutembea

“Kwani maharage yetu ya hapa Kizwite yana kosa gani?”

Mama mmoja mkulima aliuliza hivyo kwenye dirisha la ofisi ya ugavi ya chuo chetu hapa Sumbawanga. Afisa ugavi aligonga meza kwa kalamu. “Mama, chuo kina mzabuni mmoja tu, yuko Mbeya. Tunasubiri lori lake.”

Lori hilo lilikuwa na siku ya nne limekwama matopeni, na sisi wanachuo tulikuwa tunakula ugali kwa chumvi. Hatimaye likanasuka, likaingia chuoni mama akiwa bado dirishani. Akalisogelea, akashika mdomo wa gunia la maharage ulioshonwa kwa utepe wa kanga nyekundu, akacheka hadi akajishika kiuno.

“Mwanangu, haya si yangu? Niliyashona kwa kanga yangu, nikamuuzia mchuuzi mwezi jana. Kumbe yalikwenda Mbeya kutembea!”

Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Utepe ulikuwa mwekundu vilevile.

Tunaambiwa sasa ni soko huria. Huria kwa nani, ikiwa chuo kinamtegemea mtu mmoja, na lori lake likikwama tunalala njaa? Afisa, tafadhali, mwandike mama huyu kwenye orodha ya wazabuni, na jirani zake pia.