Mikono ya Wifi

Wifi yangu humpaka mwanangu dawa ya upele kwa mikono mitupu, kidole kwa kidole, huku akiziimbia zile nyayo zilizojaa vipele vya usaha. Mimi huvaa glavu. Akimaliza humlaza kifuani, na mtoto aliyenililia mchana kutwa husinzia papo hapo. Roho huniuma, jamani! Jana tulimpeleka mtoto kliniki, na daktari aliigeuza mikono ile laini ya wifi, akaikagua.

"Hujikuni?"

"Hata siku moja, daktari."

"Basi huu si upele, ungeshakuambukiza. Ni vipele tu vya watoto wachanga, vitaisha vyenyewe. Umemtunza vizuri, mama."

Wifi akatabasamu, akambusu mtoto unyayo. Hakumsahihisha daktari. Mimi nilikuwa pembeni yao, nahangaika kuvua glavu.