Suruali Zilizoficha Matege

Ukitaka kujua ufundi wa yule mama, usitazame nguo, watazame waliozivaa. Mwenye bega lililoshuka alitoka kwake mabega yakiwa sawa. Mwenye kitambi alitoka amepungua bila kukosa hata tonge. Watu walivuka mitaa mitatu kumfuata, naye alijua, akajisikia. Alizoea kuwatania wateja kwamba mwili waulete kama ulivyo, kasoro wamwachie yeye.

Chumba kilikuwa kimoja tu: cherehani mbele, kitanda nyuma, na dirisha lililozibwa kwa pazia jeusi zito. Jua huchujua vitambaa, na aliwahi kutukanwa na mteja ambaye kitambaa chake cha zambarau kiligeuka kijivu upande mmoja. Tangu siku hiyo pazia halikufunguliwa. Chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya nguo, ndipo alipokulia binti yake, sasa ana miaka mitatu na nusu. Nje pikipiki zilipita kama hazina breki. Ndani kulikuwa salama. Mtoto alikunywa chai ya rangi, akala mkate, akapanga vifungo kwa rangi zake. Maziwa aliyakataa tangu alipoachishwa ziwa, na mama hakushindana naye. Wateja walimwita Kimya, wakamsifu mama kwa malezi, naye akavimba kichwa.

Nguo za Kimya alishona mwenyewe. Vifundo vya mikono vilipovimba, alipanua mikono ya gauni, akasema mtoto anashiba. Miguu ilipoanza kupinda, alikata suruali pana, mshono wa nje akauachia kidogo gotini, nayo suruali ikaanguka wima, safi kabisa. Akafurahi! Hapo ndipo hasira hunipanda. Mikono iliyojua mwili wa mtu kwa kuugusa tu iligusa ugonjwa, ikaushonea nguo.

Aliyeona ni msusi wa chumba cha pili, siku Kimya alipokuwa akiogeshwa uani. Alisema kwa upole kabisa kwamba mtoto ana matege, apelekwe hospitali. Fundi akamjibu ashughulike na vichwa vya watu, miguu ya mwanawe haimhusu. Wakanuniana miezi minane.

Kisha Kimya akaanza kulia kila anapobebwa. Asubuhi moja aligoma kusimama, na mama akambeba mbiombio hadi hospitali, futi ya kupimia bado shingoni na daftari la vipimo ndani ya mkoba.

Daktari alimvua suruali, akatazama miguu, akaitazama tena suruali. Akauliza ilianza lini. Fundi akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa mtoto. Urefu: uleule, mwaka mzima. Goti la kushoto, achia sentimita moja. Goti la kushoto, achia mbili. Yote mawili, achia tatu. Kila mstari na tarehe yake.

"Mama, haya umeyaandika wewe?"

"Mimi."

"Basi uliona."

"Niliona suruali, daktari."

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimweleza kuwa mfupa wa mtoto unataka maziwa, mayai, dagaa, na jua kwenye ngozi ili mwili uweze kuvitumia. Mfupa ukikosa hivyo unabaki laini, na uzito wa mtoto mwenyewe unaupinda. Akampa dawa. Angeletwa mapema, alisema, miguu ingenyooka akiendelea kukua. Sasa wangengoja mwaka mmoja. Isiponyooka, mifupa itabidi ikatwe na kuungwa upya.

Pazia liling'olewa siku hiyohiyo. Kila asubuhi Kimya aliketishwa kizingitini miguu wazi, akilikunjia jua uso, akiomba arudishwe chini ya meza. Msusi alileta kiti chake akakaa naye, bila kusema kwamba alisema. Vitambaa vilichujuka. Wateja wakapungua.

Kila Jumapili fundi alimlaza mtoto kitandani, akakutanisha vifundo vya miguu, akapima nafasi kati ya magoti. Mwezi wa kwanza, sentimita tisa. Wa tatu, tisa. Mwezi wa kumi mikono yake iliyabana magoti kidogo tu, futi ikasoma nane. Kimya akalia.

Mama akaachia. Magoti yakarudi yalikotoka. Alifuta macho, akavuta daftari, akaandika tisa.