Mkono Uliotikisika

Kak! Sauti hiyo bado ninayo sikioni: punje ya akamwani ikipasuka chini ya gego la mama. Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna, na kwetu Kaagya mgeni hajafika mpaka ameipokea mkononi. Mama alipasua kwanza, ndipo akasema. Nadhani hata nyumba ingekuwa inaungua, angepasua kwanza.

Nilipochumbiwa na mtu wa Muleba sikulia kama wasichana wengine. Mimi ni mtu wa ndoto. Nilikwisha kujiona chini ya paa la bati, nina cherehani, nashonea mtaa mzima. Jambo moja tu lilinitia baridi: kwamba huko ningeamka siku moja nisiukumbuke uso wa mama. Basi nikamwambia kaka, aliyeshika nyumba tangu baba afariki, “Sitaki sanduku la harusi. Nataka picha ya mama.”

“Picha?” mama akadakia kutoka jikoni. “Kwani nimetoroka, natafutwa?”

Lakini alikwenda. Tulitembea sote watatu hadi Bukoba mjini, mama akiwa amefunga punje zake za kahawa katika pindo la kanga, maana hakuwahi kutoka bila hizo.

Chumba cha picha kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Mpiga picha, kijana aliyejifunzia kazi Kampala, alimkalisha mama kitini mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba ambalo sijaliona popote Bukoba.

“Mama, tazama hapa. Usitikisike, usicheke, usiseme.”

“Nipumue?”

“Kidogo.”

Kisha akainama, akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera yake. Sasa, nyumba za kwetu za nyasi zina mlango mfupi. Mtu akiinama mbele yako, anaingia. Akiingia, unampa kahawa. Mama alifanya hivyo miaka yake yote bila kuwaza. Nikauona mkono wake ukienda kwenye pindo, ukatoka na punje mbili, ukanyooka kuelekea kile kitambaa. Kamera ikalia.

Kijana akachomoka nywele zimesimama. “Mama! Umeniharibia!”

“Nimekuharibia nini, mwanangu? Si ulikuwa unaingia?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaka hakucheka. Aliona haya, akamwambia kijana, “Mvalishe vizuri, afanane na watu.” Basi mama akavalishwa viatu na saa ya mkono vya pale chumbani, akapewa mwavuli aushike ingawa tulikuwa ndani ya nyumba, akapigwa ya pili. Safari hii hakutikisika. Sijui kama alipumua.

Kaka alipozileta wiki iliyofuata, majirani walijaa. Ile ya pili ilikuwa safi, hata kovu dogo la shavuni ungeweza kuihesabu mishono yake. “Kama mke wa mkama, mfalme wetu!” wakasema. Mama akaishika mbali na macho, akaitazama sana.

“Waitu, jamani, huyu mwenye saa,” akasema, “mbona hanisalimu?”

Ndani ya bahasha ileile mpiga picha alikuwa ametia na ile iliyoharibika, kwa utani nafikiri. Uso umefifia kidogo, mdomo uko karibu kusema, na mkono umekuwa ukungu mtupu. “Ana mikono mitatu,” kaka akasema. “Itupe motoni, isije ikatisha watoto.” Sikuitupa. Niliichomeka katika kitabu changu cha nyimbo.

Muleba nilikwenda na ile safi. Niliitundika mahali ambapo ningeiona kila nikiinua macho kutoka kwenye ufagio, na kila nilipoinua macho niliona kovu, saa, mwavuli. Nilikuwa nikisema naye asubuhi, “Mama, ndizi za huku ni ndogo,” naye akanitazama kama karani anayengoja nimalize shida yangu.

Masika ya pili mama aliugua siku chache akafa. Habari ilinifikia kwa mtu wa basi. Nilipofika Kaagya na ile picha safi mkononi, walikuwa wamekwisha kuzika. Kaka akaomba picha hiyo ibaki, itundikwe ukutani nyumbani kwa baba. Nikampa papo hapo. Alishangaa. “Na wewe utabaki na nini?”

“Nitakumbuka,” nikasema.

Nilijisifu bure. Haukupita mwezi, asubuhi moja nimerudi Muleba napepeta maharage, nikautafuta uso wa mama kichwani nikaukosa. Niliona kovu. Niliona saa, ambayo haikuwa yake. Nikaacha ungo, nikaenda kwenye kitabu cha nyimbo.

Alikuwa pale. Niliutazama ule ukungu, na kabla sijaona vizuri nikasikia: kak! Mimi shule yangu ni ndogo, sijui kanuni za wapiga picha. Labda picha safi ni ya kumtambua mtu akipotea. Lakini mama hakuwa mtu wa kukaa na mikono magotini. Alikuwa mtu wa kutoa, na ni hapo tu, alipokuwa akitoa, alipopatikana.

Ndipo nikaona jambo ambalo hatukuliona siku zile, kwa kicheko changu na haya ya kaka. Kijana alikuwa chini ya kitambaa. Punje zile hazikupokewa. Mkono wa mama ulikuwa umenyooka vilevile tangu Bukoba, na kwetu mkono wa mkubwa hauachwi ukining'inia.

Mume wangu alikuwa shambani. Nilisukuma mlango ukajifunga, nikaegemeza picha kwenye mtungi wa maji, nikajifunga kanga vizuri. Nikapiga magoti, nikakusanya viganja viwili mbele ya ule ukungu, nikapokea.