Mama Mmoja, Waombaji Kumi na Wawili

Dada Chapa ni mtoto wa mama mkubwa, na ana shahada ya takwimu ya daraja la kwanza. Imetundikwa kwenye duka la fotokopi tunakofanya kazi, juu ya mashine ya kulaminisha, joto limeshaanza kuikunja kona. Yeye anachapa, mimi natoa nakala. Diploma yangu haikutundikwa kwa sababu niliiacha nusu, na nusu haina msumari.

Kilichomjengea jina si kuchapa. Ni kuwaandikia watu maelezo binafsi ya kuombea ufadhili wa masomo ng'ambo. Mtu anakuja na vyeti kwenye bahasha, anakaa kwenye benchi, anaulizwa, "Haya, nieleze maisha yako."

"Andika tu, dada. Wewe unajua wanachotaka."

"Wanakutaka wewe."

"Mimi sina cha kueleza. Weka shidashida hapo."

Shida Dada Chapa alikuwa nazo, zake mwenyewe. Mama mkubwa ni fundi cherehani. Mwaka mmoja magoti yalimgomea, basi binti akawa anakaa chini ya meza, mkono mmoja unasukuma pedeli, mwingine umeshika kitabu. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Dada Chapa akaanza kuliazimisha. Mteja wa kwanza alimpa kwa huruma, wa pili kwa haraka, na waliofuata kwa mazoea. Ndani ya miaka minne magoti yale yaliwauma akina mama thelathini na mmoja, akiwemo mke wa mkandarasi mmoja ambaye hata kifungo hajawahi kushona. Mwanawe alipata. Yuko huko, baridi inamla.

Mwaka huu akaomba yeye. Ufadhili wenyewe ni ule mkubwa, nafasi sita nchi nzima. Akaandika magoti yaleyale. Kwani angeandika ya nani? Wiki tatu baadaye barua pepe ikaingia: usaili Alhamisi, saa nne asubuhi. Chini kabisa, kama nge kwenye kiatu: "Maelezo yako yanafanana mno na ya waombaji kumi na mmoja waliokutangulia. Njoo ujieleze. Ikithibitika umenakili, hutaruhusiwa kuomba tena maisha yako yote."

Mama mkubwa aliambiwa mezani, mchana. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Kumbe nina watoto kumi na wawili?"

"Thelathini na wawili, mama. Hao wengine waliomba kwingine."

"Na wa mkandarasi nimemzaa mimi?"

"Samahani, mama."

"Mbona uchungu siukumbuki? Na hakuna hata mmoja anayenipigia simu!"

Nikatoa ushauri wa bure. "Sema wamekuibia. Kompyuta iko wazi, mtu yeyote angechukua."

"Mdogo wangu, niliwaketisha mimi, nikawaandikia mimi. Leo niwaite wezi?"

Alhamisi nilimsindikiza. Nilibaki kwenye korido, na mlango wa chumba cha usaili ulikuwa haushiki vizuri, kwa hiyo msiniulize nilisikiaje. Jopo lilikuwa la wanaume wawili na mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi. Huyo ndiye aliyeanza.

"Binti, huyu mama wa cherehani ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Na hawa kumi na mmoja?"

"Niliwaandikia mimi. Tena si kumi na mmoja, ni thelathini na mmoja."

Nikashika kichwa. Kuna watu ukiwauliza kuhusu kuku mmoja wanakukabidhi banda zima.

Mmoja wa wanaume akasema faili lifungwe. Nilisikia karatasi ikivutwa mezani, kisha sauti ya yule mama: "Nusu saa. Andika upya, hapahapa. Na mama yako asionekane."

Alichoandika nilikisikia kwake baadaye, maana alikuwa amekariri kila sentensi. Aliandika kwamba watu thelathini na mmoja walikaa kwenye benchi lake, na wote, bila kubaki hata mmoja, walisema hawana cha kueleza. Kisha wakati printa inapata moto walipiga soga. Mmoja alikuwa amefuga nyuki juu ya paa la bweni. Mwingine alimfundisha babu yake kusoma, mzee ana miaka themanini. Yeye aliyasikia yote, na hakuandika hata moja, kwa sababu na yeye aliamini kuwa mlango unafunguliwa na machozi tu. "Takwimu zangu zote zimeharibiwa na swali baya," alimalizia. "Nataka kwenda kusomea namna ya kumuuliza mtu hadi ajibu kweli."

Majibu yalikuja baada ya wiki tano, saa ya wateja wengi. Akayasoma kwenye simu, amesimama, mdomo wazi. Amechukuliwa, wa sita kati ya sita.

"Dada, nakala zangu bado?" mteja wa mbele akauliza.

"Bado ngapi?"

"Nane. Pande zote mbili."

Akanisogeza pembeni, akazitoa mwenyewe, nane, pande zote mbili, akazinyoosha na kuzibana kwa pini. Mteja alipotoka tu, dada yangu akakaa sakafuni katikati ya foleni na kulia kwa sauti, watu wakimpisha kwa adabu huku wakilinda nafasi zao.